Nyota mbili kwa manispaa yetu, na moja ni ya wafagiaji

Watu wanaandika rivyu za simu, za hoteli, mpaka za soli za viatu, ila huduma ambayo kila mtu anailipia na ikimkera hana pa kuhamia, hiyo hakuna anayeigusa. Basi leo naipa rivyu manispaa yetu. Mji siutaji, maana nikiutaja mtaanza kubishana kuhusu mji badala ya huduma, na nina uhakika wengi mtadhani nazungumzia wa kwenu.

Nimeishi hapa muda wa kutosha kuona huduma zikiwa nzuri, zikawa za kuvumilia, zikawa hizi. Sigombei udiwani na sina tenda niliyonyimwa. Nasema mapema kwa sababu siku hizi ukilalamika kitu cha kwanza unaulizwa umetumwa na nani.

Nianze na maji maana ndo kipimo. Kulikuwa na wakati hapa unafungua bomba linatoka, basi, hakuna aliyekuwa anajua ratiba ya maji kwa sababu ratiba haikuwepo. Halafu ikaja ratiba, tukaambiwa ni ya muda tu kuna pampu inakarabatiwa, tukaikariri mtaa mzima nani anapata siku gani. Sasa hivi hata hiyo ratiba tunaikumbuka kwa hamu maana maji yanakuja yakijisikia, mara nyingi usiku wa manane, na utajua yamekuja kwa sababu bomba linakoroma kwanza, linatema hewa, linatema kutu, halafu ndo yanatoka maji ya rangi ya tope. Na mita inazunguka muda wote huo, hata kwenye ile hewa. Muulize fundi bomba yeyote, hewa ikipita kwa nguvu mita nyingi zinaihesabu kama maji, kwa hiyo kuna sehemu ya bili yetu ni upepo mtupu.

Kitu ambacho wengi hawakijui kuhusu maji ya mgao ni kwamba ubaya wake sio kukosekana tu. Bomba likiwa limejaa muda wote presha inasukuma kwenda nje, penye ufa maji safi yanavujia kwenye udongo, ni hasara lakini wewe unayekunywa uko salama. Ukikata maji presha ya ndani inaisha na bomba linaanza kuvuta, chochote kilichotuama karibu na ule ufa, maji ya mtaro, maji ya chemba iliyofurika, kinaingia, na wakifungulia tena kinakuja jikoni kwako. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linataka klorini iwe bado imebaki kwenye maji mpaka pale yanapomfikia mtumiaji, angalau miligramu 0.2 kwa lita, ili kilichoingia njiani kikutane na dawa. Kwetu kuna siku yananuka klorini mpaka macho yanawasha, na kuna wiki nzima hayanuki chochote, na hizo wiki za kutonuka ndo mimi naziogopa zaidi. Ushauri wa bure: yakirudi yaache ya mwanzo yapite, mwagilia, deki, usikimbilie kujaza pipa la kunywa, na ya kunywa chemsha hata kama unayaona meupe.

Maji: nusu nyota, na hiyo nusu ni kwa sababu wakati mwingine yanatoka.

Sasa twende kwenye kona, maana nikitaka kumwonesha mtu mji unavyooza simpeleki ofisini, nampeleka pale kwenye kona ya mtaa wetu. Kuna valvu pale chini ya ardhi, ina kisanduku chake cha zege, mfuniko wa chuma uliibwa kitambo na msamaria mmoja akaweka tairi bovu juu ili watoto wasitumbukie. Mpira wa ile valvu umechoka, kampira ka kushika kwenye kiganja, ndo kanakovujisha. Siku zisizo na maji ni tone tone tu, siku za maji ni kijito. Hakuna aliyekuja kukabadilisha. Maji yakapenya kwenye ufa wa lami yakalainisha udongo wa chini, na lami jamani haina nguvu yake yenyewe, inabebwa na kile kilichoshindiliwa chini yake, kwa hiyo gari nzito ya kwanza ikabonyeza, ya pili ikavunja, likawa shimo, shimo likawa bwawa. Dereva wa lori la taka akaja akasimama akaliangalia lile bwawa, akasema mimi hapa siingizi ekseli yangu, akageuza. Hana kosa. Lori lisipoingia watu wanarundika taka pale pale konani, mvua ikanyesha ikazibeba mpaka mtaroni, mtaro ukaziba kwenye kalvati, maji yakarudi barabarani yakamaliza lami iliyobaki kisha yakalala kwenye shina la nguzo ya taa, taa nayo ikafa. Yote hayo ni kale kampira.

Na hapa ndo utaijua manispaa yetu. Ukienda kitengo cha barabara wanakwambia hatuwezi kuziba shimo wakati bomba linavuja, lami haitashika, na kiufundi wako sahihi kabisa. Ukienda watu wa maji wanasema kuchimba barabara kunahitaji kibali cha kitengo cha barabara. Ukienda usafi wanasema lori haliwezi kuingia mpaka barabara itengenezwe. Watu wa mitaro wanasema zile ni taka, sio mchanga, wao wana bajeti ya kuzoa mchanga. Kila mmoja ana jibu zuri, limenyooka, lina barua yake. Ukizunguka madirisha yote unarudi nyumbani hujaambiwa uongo hata mmoja na kampira kako vile vile.

Taka sasa. Zamani kulikuwa na makontena na lori lilikuwa na siku zake, ulikuwa unasikia honi unatoka na mfuko. Makontena yakaanza kutoboka chini, hayakupigwa rangi, hayakuchomelewa, kutu ikayala, yakaondolewa "kwa ajili ya matengenezo", na huo ndo ukawa mwisho wa kuyaona. Pale ambapo kontena lilikuwa limekaa taka ziliendelea kuwekwa pale pale ila sasa chini, maana tabia haikuondolewa na lori la matengenezo. Kisha kazi ya kuzoa taka ikapewa kampuni binafsi, ikaja na malori mapya yenye kioo kinang'aa, miezi ya mwanzo raha tupu, halafu malori yakabaki mangapi sijui, mengine yamekaa juu ya mawe yanasubiri spea. Taka zikikaa wiki mbili watu wanachoma, na moshi wa plastiki hauchagui nani kachoma na nani hajachoma.

Hapa lazima niseme ukweli kwa upande wao, taka ni ghali. Benki ya Dunia ilipokusanya takwimu zake mwaka 2018 iliona kwamba kwenye nchi zenye kipato cha chini uzoaji wa taka unaweza kula karibu asilimia 20 ya bajeti ya manispaa, na bado zaidi ya asilimia 90 ya taka zinaishia kwenye madampo ya wazi au kuchomwa. Yaani unatumia pesa nyingi kuliko karibu kitu kingine chochote na matokeo yake bado ni moshi. Sawa, naelewa. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini ada ya taka ilipanda mwaka ule ule ambao lori lilianza kupotea.

Wafagiaji wa barabara kuu hao nawatoa kwenye haya yote. Kabla jua halijatoka wapo, na vifagio ambavyo wengine wamejinunulia wenyewe, hawana glavu, viatu vya plastiki, na barabara kuu ukipita saa moja asubuhi ni safi kweli kweli. Nyota moja nzima, ya kwao, manispaa isiiguse. Kasoro ni kwamba wanachofagia kinawekwa kwenye vichuguu kando ya mtaro kusubiri lori, na mmeshasikia habari za lori.

Taa za barabarani. Kwenye hili kuna kitu kimoja kinanichekesha kwa uchungu. Zile za zamani za umeme zilipoanza kufa moja moja, hawakubadilisha balbu, wakaleta nguzo mpya za sola, sherehe ikafanyika, utepe ukakatwa, picha zikapigwa usiku ili mwanga uonekane. Kwa kweli zilipendeza. Kwenye taa ya sola kitu kinachochoka mapema ni betri, kila fundi anajua, paneli inaweza kukaa miaka mingi sana lakini betri ina miaka yake michache na lazima ibadilishwe. Fungu la betri halikuwekwa popote. Kwa hiyo sasa tuna nguzo za zamani zisizowaka na kando yake nguzo mpya zisizowaka, mtaa mmoja una nguzo mara mbili na giza moja.

Na isidhaniwe haya ni ya miji maskini tu. Detroit kule Marekani, mji uliokuwa unatengenezea magari nchi nzima, ilipofilisika mwaka 2013 takriban asilimia 40 ya taa zake za barabarani zilikuwa haziwaki, na wezi walikuwa wanang'oa nyaya za shaba kwenda kuuza. Kilichonivutia ni walivyotoka. Walikubali hawawezi kurudisha kila nguzo ya zamani, wakaunda mamlaka maalum ya taa peke yake, wakaweka taa za LED kama 65,000, wakatumia nyaya za aluminiamu ambazo mwizi hazimlipi, na ilipofika Desemba 2016 kazi ikawa imeisha. Kuna mahali mtu alikaa akajiuliza taa inakufaje, sio inazinduliwaje.

Zimamoto sitasema mengi, namshukuru Mungu sijawahi kuwahitaji. Ila kuna bomba la zimamoto karibu na soko ambalo lilifunikwa na kiraka cha lami walipokuwa wanaziba mashimo kabla ya ugeni fulani. Limefukiwa. Siku likihitajika watakuja na sururu.

Dawati la malalamiko. Lipo, lina namba ya simu, lina programu ya simu yenye nembo nzuri na inafunguka haraka kuliko za benki. Unapiga picha ya tatizo, unaandika maelezo, unapewa namba. Baada ya muda unapata ujumbe: tatizo lako limeshughulikiwa, asante kwa kushirikiana nasi. Unatoka nje unaangalia, kijito kinatiririka. Kumbe "limeshughulikiwa" maana yake limetumwa kwenye kitengo husika, na hapo kwenye kompyuta yao linahesabika limefungwa, kwa hiyo mwisho wa mwaka ripoti inatoka imependeza. Kila lalamiko lako linalopuuzwa linawaongezea alama. Uingereza kuna tovuti inaitwa FixMyStreet tangu 2007, tofauti yake na hii yetu ni ndogo sana, kule kila lalamiko linaonekana na kila mtu, na tarehe yake, na kama limetengenezwa au bado. Basi. Mtaa mzima unaona shimo lile limeripotiwa lini na nani hajalijibu. Ya kwetu unaona lako tu, kwa hiyo unadhani uko peke yako, jirani naye anadhani yuko peke yake, na wote wawili tunatazama kijito kimoja.

Kitengo cha bili ndo kitengo pekee ambacho hakijashuka hata kidogo, tena kimepanda. Bili inakuja kwa meseji tarehe ile ile, sikukuu iwe au msiba. Haijawahi kuishiwa dizeli, haijawahi kusubiri spea, haijawahi kuambiwa iombe kibali kitengo kingine. Ukichelewa kidogo wanakuja kukata, na wakija kukata wanakuja na gari, spana, ngazi na watu wa kutosha, mpaka unajiuliza hii timu huwa inajificha wapi siku bomba linapopasuka. Nyota tano. Nawapa ila siziingizi kwenye hesabu.

Sasa kwa nini imefika hapa? Nimeongea na mafundi wao, wale wenye maovaroli, sio wale wa ofisini, na hadithi ni ile ile. Waliostaafu hawakuzibwa nafasi zao, na wale wazee ndo walikuwa wanajua bomba gani limepita wapi maana ramani nyingine zilikuwa kichwani mwao. Stoo haina kampira. Mji umekua mara kadhaa ila mabomba makubwa ni yale yale, wameunganishiwa watu mpaka presha imeisha. Bajeti ikipangwa mishahara inatoka kwanza, halafu miradi mipya, halafu kama kuna kilichobaki ndo matengenezo, na hakibakigi. Mradi mpya una jiwe la msingi lenye jina la mtu. Kampira ka valvu hakana mahali pa kuandika jina. Benki ya Dunia iliwahi kupiga hesabu kwenye ripoti yake ya mwaka 1994 kwamba dola bilioni 12 za kutengeneza barabara kwa wakati zingeiokolea Afrika dola bilioni 45 za kuzijenga upya. Karibu mara nne. Halafu watu wanaambiwa matengenezo yanaahirishwa kwa sababu ya kubana matumizi!

Ila kuna sababu nyingine ambayo hatupendi kuisema maana inatugusa sisi wateja. Maji yalipoanza kusumbua wenye uwezo wakanunua matenki makubwa, waliobaki wakanunua mapipa. Tenki lilipokuwa halijai wakachimba visima. Taa zilipozimika wakafunga za kwao getini. Lori lilipopotea wakamtafuta mtu wa mkokoteni. Kila nyumba ikawa manispaa ndogo, na kila aliyejitegemea akaacha kwenda kwenye mikutano, kwa sababu tatizo lake limeisha. Na waliojitoa kwanza ni wale wale ambao simu zao huwa zinapokelewa, wenye majina, wenye kumjua mtu. Waliobaki kwenye foleni ya bomba ni ambao hakuna anayewasikiliza. Wakati huo huo wote tunalipa mara mbili, bili ya manispaa na gharama ya kuishi bila manispaa.

London iliwahi kutufundisha hili kwa harufu. Kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu kule mara kadhaa na mfumo wa maji taka ukabaki maneno. Halafu kiangazi cha 1858 mto Thames ukanuka kiasi kwamba wabunge wenyewe, ambao jengo lao liko pembeni ya mto, walishindwa kukaa, wakaloweka mapazia kwenye dawa ya klorini na bado haikusaidia. Sheria ya kujenga mifereji mikubwa ikapitishwa kwa siku 18. Siku 18! Kilichobadilika ni pua iliyokuwa inanusa tu.

Kuna watakaosema mji ukishaharibika hivi haurudi. Mimi nawatajia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, nchi imetoka vitani, shirika la maji la mji lilikuwa linapoteza asilimia 72 ya maji yake, yanavuja au yanaibiwa, na baadhi ya waliokuwa wanaiba ni wafanyakazi wenyewe. Akawekwa mkurugenzi, Ek Sonn Chan. Huyu mtu hakuanza na kuzindua kitu. Alianza na kuhesabu wateja, kila mmoja akawekewa mita, akawafuata wadaiwa wakubwa wakiwemo wakubwa wa serikali na jeshi, na jenerali mmoja alimwelekezea bastola kichwani alipokwenda kumfungia mita. Alirudi na askari wakafanya kazi yao. Wakaweka timu za kutafuta uvujaji usiku na mchana, na mabomba ya zamani yakabadilishwa. Haikuchukua hata miaka 20 upotevu ukawa chini ya asilimia 10, zaidi ya asilimia 90 ya wakazi wakawa wanapata maji saa 24, na mwaka 2006 yeye akapewa tuzo ya Magsaysay, moja ya tuzo kubwa za Asia. Ukisoma alichofanya utaona hakuna kitu pale ambacho manispaa yetu haijui. Mita, kudai wakubwa, kuziba panapovuja. Tofauti ni kwamba kwetu mita zinafungwa kwa sisi wadogo na wakubwa wana "makubaliano maalum".

Kwa hiyo hesabu yangu inakuja hivi. Maji nusu. Wafagiaji moja. Taa sifuri. Taka robo, kwa ajili ya yule dereva ambaye angalau alishuka akaliangalia shimo. Malalamiko robo kwa nembo. Jumla mbili. Naipandisha mpaka tatu siku ile bajeti ikisomwa nikasikia fungu la spea na betri limetajwa kwa jina na kiasi, na siku dawati la malalamiko likianza kuonesha malalamiko yote kwa watu wote. Hayo mawili hayahitaji mfadhili wala utepe.

Kama unahamia huku na umetafutiwa nyumba, usiiangalie mchana tu. Nenda usiku uone taa ngapi zinawaka kutoka barabara kuu mpaka getini. Fungua bomba la uani, sio la ndani, la ndani linaweza kuwa linatoka kwenye tenki na dalali hatakwambia. Chungulia mtaro ulio mbele ya nyumba, ukiona majani yameota ndani ya taka ujue haujazibuliwa msimu mzima. Halafu muulize jirani, usimuulize dalali, lori la taka linapita lini, na akicheka kabla ya kujibu omba upunguziwe kodi.